Bei Mbili za Bunduki ya Baba

Baba yetu alifariki Juni 2021, mahindi ya masika yakiwa yanakauka shambani. Kwetu ni upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, barabara ya kutoka Bigwa kwenda Kisaki. Ukishapita Mkuyuni unaiacha barabara na kupanda kwa miguu. Aliacha nyumba ya matofali ya kuchoma, migomba, mikarafuu kumi na minne, mbuzi, Biblia yake, na bunduki ya mitutu miwili. Tumezaliwa watano. Mmoja wetu ni mchungaji, naye ndiye aliyeshika kalamu hii. Lakini tulipokaa kuzungumza juu ya maandishi haya tulikubaliana yaandikwe kwa "sisi", kwa sababu lililotokea ni letu sote, na aliyesema kwa mdomo alisema yaliyokuwa mioyoni mwa watano.

Mirathi nyingine haikutusumbua. Mashamba ya ukoo yanajulikana, nyumba ni ya mama mpaka Mungu atakapomwita, mbuzi waliishia kwenye msiba. Ilibaki bunduki.

Tueleze kwanza ilivyokuwa. Nyundo zake mbili zilikaa nje, ukizivuta nyuma unasikia ka, ka. Kitako kilipasuka zamani, baba akakifunga kwa waya wa shaba. Juu, katikati ya mitutu, palichongwa jina la Kizungu lililokwisha kufifia. Tangu utoto tuliambiwa kwamba ni bunduki ya Mjerumani, nasi tuliamini. Wajerumani walipouacha mji wa Morogoro Agosti 1916, Waingereza wakiingia, walirudi nyuma kuizunguka milima hii, na Septemba palipiganwa Kisaki. Kwa hiyo njia hiyo kila nyumba ina kitu "cha Mjerumani": hii kufuli, ile sufuria, nyingine shimo ambalo mtu ameota mara tatu kwamba lina sanduku. Kwetu ilikuwa bunduki. Habari waliyoijua wakubwa ilikuwa fupi kuliko hiyo: mjomba wake baba aliipata kwa msimamizi wa shamba la mkonge aliyekuwa anaondoka nchini, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967. Mjomba alipozeeka akamwachia baba, mpwa wake, na leseni ikaombwa kwa jina la baba.

Hapo kwenye "mpwa" ndipo penye fundo. Msomaji asiye Mluguru avumilie kidogo. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata upande wa mama. Mtu hurithi kwa mjomba wake, na watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Siku hizi, hasa kwa mali mtu aliyochuma mwenyewe, watoto wanapewa na hakuna anayeshangaa. Lakini kitu kilichotoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa kina njia yake, na wazee hawaisahau. Bunduki ile ilitoka kwa mjomba kuja kwa mpwa. Basi kwa desturi ilipaswa kumwendea mpwa wa baba, yaani mtoto wa shangazi yetu, binamu yetu anayeishi pale pale kijijini, nyumba ya nne kutoka kwetu.

Binamu huyu tunapaswa kumweleza vizuri. Shangazi aliolewa na Mwislamu, na watoto wake wote ni Waislamu. Baba alibatizwa alipokuwa kijana akifanya kazi mkongeni Kimamba, akarudi mlimani na imani yake, Mlutheri mmoja katikati ya Waislamu na Wakatoliki. Hawakugombana juu ya hilo. Sikukuu tulikula kwao na wao walikula kwetu, isipokuwa siku za nguruwe.

Nguruwe pori ndio waliofanya bunduki iwe na maana. Mahindi yakianza kubeba wanashuka kutoka msituni usiku, na familia moja ya nguruwe inaweza kumaliza robo eka kabla ya jogoo wa kwanza. Wanakula hindi moja na kuangusha kumi. Majirani walikuwa wanakuja kumbisha hodi baba, baba anamjulisha bwana nyama, kisha usiku anatoka. Nyuma yake anatoka binamu na tochi ya betri tatu. Mtu mmoja hawezi kushika bunduki ya mitutu miwili na kumulika. Ni lazima awepo wa kusimama karibu na bega, anyamaze, na awashe tochi kwa wakati wake. Kazi hiyo binamu aliifanya tangu 2002 hadi msimu wa mwisho kabla baba hajaugua. Nguruwe akianguka, binamu alirudi kwao kuoga. Hakumgusa, hakumla. Nyama yote tulikula sisi na Wakristo wenzetu wa jirani. Tumeandika sentensi hiyo polepole, maana katika miaka kumi na tisa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifikiria.

Siku ya nne baada ya mazishi kaka yetu mkubwa aliipeleka bunduki kituo cha polisi pamoja na kitabu cha leseni, akapewa hati ya kuipokea. Ndivyo inavyopasa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 leseni ni ya mtu. Haiachwi kama unavyoacha shamba. Anayeitaka silaha ya marehemu lazima aombe mwenyewe, kuanzia serikali ya kijiji kwenda juu, achunguzwe, na kama hakubaliwi basi. Tulilijua hilo, lakini tulilijua kama tunavyojua amri kumi: kwa mpangilio.

Maana siku ile ile mdogo wetu wa mwisho aliipiga picha kabla haijaondoka nyumbani, akamwonyesha mtu mmoja mjini. Yule mtu akasema bunduki za Mjerumani zinatafutwa sana, kuna Wazungu wanakusanya, hiyo si chini ya milioni kumi na tano. Hakuwa fundi wala mfanyabiashara wa silaha. Alikuwa mtu mwenye simu nzuri. Lakini milioni kumi na tano ni neno ambalo likiingia sikioni halitafuti shahidi.

Tulikuwa na deni la hospitali la baba, na deni lile lilikuwa la kweli. Tukianza hapo tulionekana watu wema hata machoni petu wenyewe. Baada ya deni kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja aliona bajaji. Mmoja aliona ada ya chuo. Mchungaji aliona ahadi yake ya ujenzi wa kanisa, shilingi milioni moja aliyoitamka mbele ya washarika akiwa hana hata laki, na akajisikia kwamba tamaa yake ni bora kuliko za wengine kwa kuwa ina paa la bati na msalaba juu.

Kwenye arobaini shangazi akasema. Alingoja watu wa mbali waondoke, akaketi kwenye mkeka, akasema kwa ufupi: ile bunduki ni ya njia ya mjomba, mtoto wake aiombe, ukoo uandike barua ya kumtambulisha. Binamu alikuwa amekaa mlangoni anakata kucha. Hakusema neno.

Tulikuwa tumeshapatana nini cha kujibu. Tulijua shangazi atasema hivyo, na tulijua nani ataaminiwa. Mchungaji akajibu. Alisema bunduki ile ni ya zamani mno, imekwisha, ni chuma chakavu tu, haina thamani yoyote, na bora ibaki mikononi mwa Serikali kuliko kumletea mtu usumbufu wa leseni. Alisema kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa.

Shangazi alimtazama kidogo. Akasema, "Sawa, Mchungaji. Kama ni chuma chakavu, basi tupeni hicho chakavu."

Hatukuwa na jibu. Kaka mkubwa akasema tutalitazama. Shangazi siku zote humwita mchungaji "mwanangu". Siku ile alimwita Mchungaji.

Ndipo tukaitafuta thamani kwa bidii. Ofisa mhusika alitukubalia bunduki itazamwe pale pale kituoni, mbele yake. Tulimpata fundi wa silaha, mzee aliyestaafu, anayejua kazi yake kama mkunga anavyojua yake. Alikuja na miwani miwili, kitambaa, na kijiti cha mbao. Tulitegemea aseme bei. Yeye akaanza kuifundisha.

Kwanza aliitikisa ikiwa imefungwa, ameishika karibu na sikio. Ililia. Bunduki nzima hailii, alisema. Hii imelegea kwenye bawaba, imefunguliwa na kufungwa maelfu ya mara. Kisha akaitoa mitutu, akaigeuza juu chini, akapangusa mafuta, akatuita tuone. Chini, mahali ambapo hupaoni bunduki ikiwa nzima, palikuwa na alama ndogo ndogo zilizogongwa. Hapa ndipo bunduki inaposema kweli, alituambia. Jina la juu ni la kuuzia. Palikuwa na duaradufu yenye herufi ELG, juu yake taji, na kando mnara mdogo kama nguzo. Hizo ni alama za mji wa Liège, Ubelgiji, ambako kila mtutu ulipigwa kwa majaribio kabla ya kuuzwa. Taji lile liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo bunduki imetengenezwa baada ya hapo. Mafundi wa Liège walitengeneza bunduki nyingi sana za bei nafuu za kupelekwa ng'ambo, na walipenda kuzichonga majina yanayosikika kama ya Kiingereza ili mnunuzi afurahi.

"Kwa hiyo si ya Mjerumani?" aliuliza mdogo wetu.

Fundi akacheka. Askari wa Mjerumani vitani, alisema, wengi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, mtutu mmoja, inayotoa moshi kama tanuru. Hii ni bunduki ya mwindaji. Namba yake ni 12, maana yake ukichukua ratili moja ya risasi ya madini ukaifanya gololi 12 zilizo sawa, gololi moja ndiyo inayoenea mdomo wa mtutu.

Akatuonyesha pia ngozi ya mitutu yenyewe. Ukiisogeza kwenye mwanga ilikuwa na michirizi inayojikunja, kama mbao ya mninga. Mitutu ya namna hiyo huitwa ya Damasko: vipande vya chuma na chuma cha pua vimesokotwa pamoja kama ukili na kuchomelewa kuzunguka fimbo. Mchungaji kusikia Damasko alifurahi kidogo. Fundi hakufurahi. Alitafuta alama nyingine, simba mwenye herufi PV chini yake, ambayo ingeonyesha kwamba mitutu ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Haikuwepo. Akapima chemba, yaani mahali risasi inapokaa: milimita 65. Risasi za dukani leo ni za milimita 70. Inaingia, alisema, hilo ndilo baya lake, kwamba inaingia; ikilipuka mdomo wake unafunguka mahali pasipo na nafasi, na nguvu inarudi kwenye chuma.

Mwisho aliining'iniza mitutu kwa kidole, akaigonga kwa kile kijiti. Mitutu mizima hulia kama kengele, mlio mrefu. Hii ilisema "to". Sisi tuliokulia kwenye mtaa ambao kengele yake ya kanisa ni ringi ya lori tunaijua sauti hiyo. Ni sauti ya ringi iliyopata ufa. Alirudia mara mbili, akatia mwanga ndani, akatazama muda mrefu upande wa kushoto.

"Huyu mzee alikuwa anapiga risasi za kisasa humu?"

Tukasema ndiyo, miaka yote.

"Mtutu wa kushoto umeliwa na kutu kwa ndani, na nje una bonde. Umebaki mwembamba kama kopo. Nani alikuwa anasimama kushoto kwake?"

Hakuna aliyejibu. Baba alilenga kwa bega la kulia. Tochi ilikuwa kushoto.

Bei alitutajia alipokuwa anafunga kitambaa chake, kama jambo la kando. Kuna bunduki za mitutu miwili zenye bei ya nyumba: za James Purdey au Holland & Holland wa London, zikiwa nzima, zikiwa pea, zikiwa na sanduku lake na karatasi zake. Hii, hata mtu akiruhusiwa kuinunua ili aitazame tu ukutani, atatoa laki mbili kwa kumhurumia muuzaji. Na asiipige.

Tulirudi kwa daladala hatusemi. Kulikuwa na uzito wa milioni kumi na tano ulioondoka, lakini kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinatusumbua, na dada yetu ndiye aliyekitaja tuliposhuka Bigwa. Alisema, "Kwa hiyo tulimwambia shangazi kweli."

Ndiyo. Bunduki ilikuwa chuma chakavu. Haikuwa na thamani yoyote. Kumpa mtu kungemletea usumbufu, tena hatari. Kila neno alilosema mchungaji kwenye mkeka lilikuwa limethibitishwa na fundi. Tungeweza kupanda mlimani tukasema, shangazi, tumeleta mtaalamu, ni kama tulivyokwambia. Tungeheshimiwa zaidi ya awali. Mmoja wetu alipendekeza hivyo, na kwa nusu saa pendekezo lile lilikuwa zuri.

Katika vitu vyote tulivyofundishwa, sijui kwa nini, kilichomrudia mchungaji wetu ni sura ambayo hakuna anayeichagua kuihubiri: Mambo ya Walawi 27, sura ya mwisho ya kitabu. Alipoisoma akiwa mwanafunzi Makumira aliipita haraka, kama wengi tunavyoipita. Ni orodha ya bei. Mtu ameweka nadhiri, kuhani anamtathmini: mwanamume wa miaka ishirini hadi sitini shekeli hamsini, mwanamke thelathini. Mnyama anatathminiwa, nyumba inatathminiwa, na kuhani akishataja bei imekuwa hiyo, mnyama awe mzuri au mbaya. Mamlaka makubwa mno kwa mtu mmoja. Lakini ndani ya orodha ile pana mstari mdogo: aliyeweka nadhiri akiwa maskini, asiyeiweza bei iliyowekwa, kuhani anamtazama yeye na uwezo wake, na kumtathmini upya. Yaani bei inaweza kubadilika, lakini inabadilika kwa ajili ya maskini. Sisi tulikuwa na bei mbili pia. Milioni kumi na tano tulipojihesabia sisi, na bure tulipomhesabia binamu. Na kuhani wetu ndiye aliyetumwa kuitaja ile ya pili.

Washarika wanaosoma hapa wanajua kwamba Walutheri ni wepesi wa kubadilisha bei. Kila Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada wa mavuno. Yai linaletwa na bibi mmoja, linanunuliwa kwa elfu tano na mtu mwenye trei tatu nyumbani, na kila mtu anapiga vigelegele, na hakuna aliyedanganywa. Mkungu wa ndizi unauzwa mara nne kwa sababu kila anayeununua anaurudisha. Hata Katekisimu Ndogo, tuliyoikariri kipaimara mpaka tukaisema usingizini, kwenye amri ya tisa inagusa urithi wa jirani waziwazi, na kujipatia kitu kwa kisingizio cha haki. Tuliikariri sote watano. Kisingizio chetu kilikuwa kizuri kuliko kawaida, kwa kuwa baadaye kiligeuka kuwa kweli.

Na kuna yule mtu wa Luka 12 aliyemwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mgawaji wao. Zamani tulidhani alikataa kwa kuwa jambo lilikuwa dogo.

Bunduki tuliiandikia barua kama familia, mama akatia dole gumba, tukaiachia Serikali moja kwa moja. Hiyo ilikuwa rahisi. (Mwaka uliofuata, 2022, Serikali ilipotangaza msamaha wa Septemba na Oktoba kwa wanaomiliki silaha bila kibali wazisalimishe kwa hiari, mchungaji alilisoma tangazo kanisani Jumapili mbili mfululizo, na alilisoma kwa sauti ya mtu aliyepata somo.) Kilichobaki kilikuwa kupanda kwa shangazi.

Tulikwenda wote, na mama. Ilikuwa jioni, baada ya magharibi, binamu alikuwa ndiyo kwanza ametoka msikitini. Tulikaa kwenye mkeka ule ule. Mchungaji alisema mambo mawili kwa mfuatano wake: kwamba tulipomwambia ni chuma chakavu tulikuwa tunaamini ni mali nyingi, na kwamba tumeipeleka kwa fundi na kumbe ni chuma chakavu. Aliomba asitazame la pili akasahau la kwanza.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Chuma chakavu hakigombewi na watu watano."

Kisha akamgeukia mama, wakazungumza habari za bei ya karafuu, kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana. Alipoturudia alisema hakuwa na haja ya bunduki, macho ya mtoto wake yenyewe yamepungua. Alitaka siku ile ya arobaini, mbele ya watu, mtoto wake aitwe.

Tukamweleza binamu habari za mtutu wa kushoto. Tulidhani atashtuka. Binamu kwetu ni mtani, na mtani hapotezi nafasi hata kwenye kaburi. Alifikiri kidogo akasema, "Ndiyo maana nilikuwa nafumba macho. Na nyinyi mkiona nguruwe kaanguka mnasema baba ana shabaha." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na tulipomtazama vizuri tukaona hakuwa anacheka tu.

Dada yetu ni karani, hawezi kukaa na jambo lisilo na hesabu. Aliomba daftari la mtoto mmoja, akamwuliza binamu betri za tochi alikuwa ananunua nani. Binamu akasema, nani mwingine? Mjomba alikuwa na risasi zake, yeye na betri zake. Dada akaandika: betri tatu, zinakaa usiku nne. Msimu miezi miwili, usiku sitini. Miaka kumi na tisa. Usiku 1,140. Betri 855. Akaweka shilingi mia tano kila betri, bei ya kati, maana zamani zilikuwa chini ya hapo na siku hizi juu. Ikaja 427,500. Tulitazamana. Betri peke yake zilikuwa zimeizidi bunduki mara mbili, na bado hatujahesabu usiku wenyewe, wala bega la kushoto, wala nyama.

Tulisema tutalipa, na kwamba huo ni mwanzo. Binamu alikataa mara ya kwanza kama inavyopasa, na mara ya pili. Mara ya tatu akasogea karibu na dada, akaanza kuikagua ile karatasi kwa kidole.

"Hapa umekosea," akasema. "Usiku wa mvua mjomba hakuwa anatoka. Toa hizo."

Dada akauliza ni ngapi. Akafikiri, akasema kila msimu kama kumi na mbili. Dada akatoa.

"Na mwaka ule nilioumia mguu. Msimu mzima alikwenda na mtoto wa jirani. Toa."

Akatoa.

"Ramadhani iache. Nilikuwa nakuja baada ya tarawehe."

Giza lilikuwa limeshaingia vizuri na koroboi lilikuwa upande wa mama. Dada aliinamisha daftari akashindwa kuona mstari aliouandika. Binamu akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa tochi, akammulikia.